Shelfu Tatu za Mninga kwenye Ukuta wa Jipsamu

Jumatatu, 9 Juni 2025. Kasulu.

Leo nimeshinda. Sijaanza bado, lakini nimeshinda.

Simu imeingia saa tatu asubuhi nikiwa nafagia dukani. Mama Ininahazwe mwenyewe, mwenyekiti wa wafuga nyuki wa Kumsenga, kule Kibondo. Anasema Jumamosi anakuja na wajumbe wake. Wanatafuta duka moja tu hapa mjini la kuuza asali yao yote ya msimu huu. Watapita kwangu, halafu watapita kwa Saady. Duka watakaloridhika nalo, hapo ndipo mzigo utashushwa.

Saady! Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Fremu yetu ya duka ilikuwa moja, mwenye nyumba akaigawa kwa ukuta wa jipsamu mwembamba kiasi kwamba Saady akipiga chafya upande wake, mimi huku nasema afya. Kijana mpole, ananukia marashi tangu asubuhi. Wateja wote anawaita kipenzi, hata wazee wa Heru Juu wenye majembe begani. Anauza tende, viungo, udi na asali. Asali! Mimi Venanti, mtoto wa Kumsenga, niliyeumwa na nyuki kabla sijaota meno, nashindana na mtu wa udi!

Tena ana kabati. La mninga, lina vioo na nakshi, alirithi kwa marehemu bibi yake wa Ujiji. Mgeni akiingia kwake lazima asimame alitazame. Akiingia kwangu anatazama chupa zilizopangwa sakafuni juu ya magunia.

Basi. Nimeona dawa kwenye simu. Shelfu zinazoelea! Hazina miguu, hazina vyuma vinavyoonekana, ubao umetoka tu ukutani kama ulimi. Chupa za asali zikikaa juu yake, taa ikipiga kwa nyuma, Mama Ininahazwe atakaa kimya. Na huyo mama hajawahi kukaa kimya.

Nimemwambia mke wangu. Vestina amesema nimwite Moses fundi. Nimemweleza kwamba video nzima ni dakika nne. Akasema huyo wa kwenye video ana ukuta wake, na sisi tuna wetu.

Wanawake hawana ndoto.

Jumanne, 10 Juni

Nimechukua mbao kwa Moses. Tatu, mninga mtupu, unene wa vidole vinne. Amezitoboa matundu kwa nyuma ili ziingie kwenye vyuma vitakavyotoka ukutani. Kazi safi. Kosa lake moja ni mdomo. Ameniuliza ukuta ni wa nini. Nikamjibu ukuta ni ukuta.

Hakuishia hapo. Akaanza somo. Eti jipsamu ni chaki iliyobanwa kati ya karatasi mbili. Eti skrubu lazima ifuate vyuma vilivyosimama kwa ndani, uvitafute kwa sumaku, na pasipo na chuma utumie fisha za mabawa, vile vishikizo vya skrubu vinavyojifungua kwa nyuma kama mwavuli. Eti mninga ni mzito mno kwa ukuta ule, bora mbao za mpaini. Akajitolea kuja Alhamisi kuzifunga mwenyewe. Nimekataa. Fundi akija, sifa zote zinakwenda kwa fundi.

Mchana nikaanza. Fisha za kawaida, za plastiki, nikazigonga kwa nyundo. Zimeingia kama kisu kwenye parachichi. Shelfu ya kwanza ikapanda. Nikarudi nyuma mpaka mlangoni kuitazama. Nzuri! Nikaweka chupa moja ya asali, ndogo, ile ya robo.

Imeanguka pamoja na ukuta. Kipande cha mviringo, ukubwa wa chapati. Chupa nimeidaka kwa mguu. Ndani ya tundu giza, na mjusi mmoja ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeingia kwake.

Saady amekuja mbio kunipa pole. Nikamwambia hakuna lililoharibika, nilikuwa napima nguvu ya ukuta.

Akatazama tundu. "Na ukuta umesemaje, Mzee Venanti?"

Nimemjibu kwamba bado tunaongea. Akaondoka anatabasamu. Tundu nimelifunika kwa kalenda ya parokia.

Jumatano, 11 Juni

Nimekubali kitu kimoja cha Moses, kwa siri. Sumaku. Nimefumua spika ya redio mbovu, nikatoa sumaku yake, nikaipitisha ukutani polepole kama daktari. Tap! Imenata. Kuna chuma. Nikachora mstari wa penseli. Nikaendelea. Tap! Chuma cha pili.

Tatizo ni kwamba kimoja kiko kwenye kona ya mlango na kingine nyuma ya meza yangu. Katikati, pale macho ya mgeni yanapotua akiingia, hakuna kitu. Mtu mwingine angesogeza shelfu. Mimi si mtu wa kusogeza. Asali ya Kumsenga haikai kwenye kona.

Nikanunua gundi. Muuzaji ameapa kwamba gundi ile inaweza kubandika ng'ombe ukutani. Nikapaka, nikabandika, nikaegemea shelfu kwa muda wa rozari nzima. Imeshika! Imeshika kweli!

Gundi haikuachia. Kilichoachia ni karatasi ya ukuta. Saa tisa alasiri shelfu imeanza kushuka taratibu, kwa heshima, ikichubua ukuta kama ganda la ndizi kutoka juu mpaka chini. Nikaikimbilia kuizuia kwa mkono. Hapo nikagundua kwamba gundi ilikuwa bado mbichi pembeni.

Nimerudi nyumbani na shati la mkono mmoja. Mkono wa pili Vestina ameukata kwa mkasi palepale dukani, mbele ya mteja. Hakucheka. Alisema maneno mawili tu: Moses yupo.

Lakini shelfu haijapata hata mkwaruzo. Ushindi wa kwanza.

Alhamisi, 12 Juni

Siku kubwa katika maisha yangu! Naandika mkono unatetemeka kwa furaha, au kwa drili.

Niliamka na wazo. Kama skrubu fupi hazishiki, dawa ni skrubu ndefu. Rahisi hivyo, na hakuna aliyewahi kuniambia. Nimenunua sita, zile nene za kufungia mbao za paa, ndefu kuliko kiganja changu. Nizizungushe mpaka zishike, kisha nizikate vichwa kwa msumeno wa chuma, shelfu iteleze juu yake.

Drili sina. Drili anayo Saady. Nilizunguka uani mara tatu nikitafakari, kisha nikaenda. Amenipa bila kusita, akaikunjua na waya wake. Akaniuliza natoboa wapi hasa, maana kabati la bibi limeegemea ukuta uleule upande wake. Nikamwambia niko mbali nalo kabisa.

Nilikuwa nimepima. Kwa jicho, lakini jicho langu ni zuri.

Skrubu ya kwanza. Imepita jipsamu ya kwanza. Imepita uwazi. Imepita jipsamu ya pili. Nikasema basi, imekwenda bure. Ghafla ikakaza! Imeuma! Nikazungusha mpaka jasho likaingia machoni, na kila nikizungusha inauma zaidi. Mbao! Mbao ngumu, nzuri, katikati ya ukuta wa jipsamu! Ya pili hivyohivyo. Zote sita!

Nimeelewa mara moja. Mafundi waliojenga ukuta huu waliacha ubao mkubwa humo ndani, wakausahau. Sumaku ya Moses isingeuona kamwe, maana sumaku haijui mbao. Mimi nimeuona kwa akili.

Shelfu tatu zimepanda. Nimening'inia kwenye ile ya kati, miguu yote juu, kilo sabini na nne. Haikutikisika! Nimecheza ngoma peke yangu dukani mpaka mama muuza dagaa wa ng'ambo ya barabara akasimama kutazama.

Vestina amekuja. Ameuliza ubao huo ndani ya ukuta umetoka wapi. Nikamwambia mafundi waliusahau. Akasema anawajua mafundi wa Kasulu, kitu pekee wanachosahau ni kurudi.

Wivu.

Ijumaa, 13 Juni

Chupa thelathini na sita. Kumi na mbili kila shelfu. Nyeusi ya miombo chini, nyekundu katikati, ile nyeupe ya maua juu. Nimefunga taa ndogo kwa nyuma. Jua likiingia mlangoni, asali inawaka kama kanisa.

Watu wanaingia tu kutazama. Mwalimu mmoja amepiga picha. Mzee wa Makere ameinama akatafuta miguu ya shelfu chini, akainuka, akaniangalia kwa woga. Nimemwacha na woga wake.

Saady amekuja baada ya sala ya Ijumaa. Amesimama katikati ya duka langu na kanzu yake nyeupe. Akasema mashaallah. Nimeona kwa macho yangu tabasamu lake likipungua, kidogo, upande wa kushoto.

Amesema na yeye ana jambo lake kesho. Kabati la bibi atalivuta mbele, mpaka karibu na mlango, ili wageni walione kabla hata hawajavua viatu. Ameshaongea na wabeba mizigo wawili wa sokoni.

Nikamtakia kila la heri. Alivute tu. Alivute hata mpaka Ujiji.

Jumamosi, 14 Juni

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Wageni wamefika saa nne. Mama Ininahazwe mbele, mfupi, kitenge cha njano, sauti inayotangulia mwili. Mzee Habonimana, katibu wao, nyuma na daftari. "Mwakeye!" akasema mama, salamu yetu ya asubuhi, na chupa zote zikaitikia.

Wamekuja kwangu kwanza. Mama Ininahazwe akainua macho. Akakaa kimya! Nimehesabu pumzi nne. Ya tano akauliza kwa sauti ndogo, kitu gani kinazishika.

"Utaalamu," nikamjibu.

Hapo ukuta ukavuta pumzi.

Sijui niliandikeje. Uliingia ndani kidogo, kisha ukarudi. Chupa zikagongana. Nikakohoa kwa nguvu ili kuficha. Kutoka upande wa pili nikasikia sauti za wabeba mizigo. Moja, mbili, tatu, vuta! Ukuta ukaingia tena. Safari hii haukurudi wote.

Nikaelewa. Nilielewa kila kitu kwa mara moja, kuanzia kichwani mpaka magotini. Ule ubao waliousahau mafundi.

Nikazigeukia shelfu. Nikazikumbatia, mikono miwili juu ya ile ya kati, kifua kwenye ya chini, kama mtu aliyepumzika. Mama Ininahazwe akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana mama, Kasulu ndivyo tunavyosimama na asali.

Vuta!

Ukuta ukaenda. Si tundu. Ukuta! Kutoka dari mpaka sakafu, kwanza taratibu kama mtu anayepiga miayo, kisha wote kwa pamoja. Vumbi jeupe. Mtu akapiga yowe, nadhani ni mimi. Lakini shelfu hazikuanguka! Shelfu zilikuwa zinaondoka. Zinakwenda kwa Saady na asali yangu! Ningeziacha? Nikatembea nazo. Hatua moja, mbili, tatu, nikapita katikati ya ukuta nimezikumbatia. Chupa moja ikayumba juu kabisa. Nikaizuia kwa paji la uso.

Vumbi lilipotulia nilikuwa ndani ya duka la Saady. Wabeba mizigo wawili, weupe kama wametoka kusaga. Saady mweupe zaidi. Katikati yetu kabati la bibi. Na mgongoni mwa kabati, zimenyooka kama zilizaliwa hapo, shelfu zangu tatu na chupa thelathini na sita. Hakuna hata moja iliyopata ufa!

Saady akazunguka nyuma. Akainama. Akaziona skrubu sita ndani ya mninga wa bibi yake. Akapitisha kidole kwenye moja.

"Mzee Venanti," akasema, "mimi nilikuuliza."

Macho yake yalikuwa yamejaa, na si kwa vumbi. Hili silipendi lakini naliandika. Nimeumwa na nyuki mara nyingi, sijawahi kuumwa namna ile. Nikasema pole, mwanangu. Neno likatoka dogo kuliko nilivyotaka.

Ghafla kicheko. Mama Ininahazwe! Alicheka mpaka akashika mlango, alicheka mpaka watu wakaja kutoka ng'ambo. Kisha akaacha ghafla, akaja, akashika shelfu ya kati kwa mikono miwili na kuitikisa kwa nguvu zake zote. Haikujongea.

"Mana yanje," akasema, Mungu wangu. "Hii inashika kuliko ndoa yangu ya kwanza."

Vestina alikuwa ameshaingia na ndoo ya maji na ufagio. Alimpa Saady kitambaa kwanza, afute vioo vya bibi. Halafu akamwambia Mama Ininahazwe, taratibu, kama anaongea mambo ya shamba, kwamba mapipa ya asali ya msimu mzima yasingeenea kwenye duka lolote kati ya yale mawili. Sasa fremu ni pana. Kabati likisimama katikati lina sura mbili, mbele vioo, nyuma shelfu. Na kuna mtu mmoja anayeijua asali, na mwingine anayejua kumkaribisha mtu.

Mama Ininahazwe akageuka, akamuuliza Saady anasemaje. Saady alifuta kioo cha mwisho mpaka kikang'aa. Akatazama chupa kwa upande wa pili, zikiwaka na jua la mlango wangu. Akasema bibi yake alikuwa anapenda watu wengi ndani ya nyumba. Akasema amekubali, kwa sharti moja, Mzee Venanti asishike drili tena maisha yake yote.

Watu wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Kijana ana utani mzuri.

Mzee Habonimana akaandika daftarini. Asali yote ya Kumsenga! Yote! Kwetu!

Shelfu hazikuanguka. Naomba iandikwe hivyo. Kilichoanguka ni ukuta.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa Moses amekuja kutazama. Amezunguka kabati mara mbili. Amesema ana miaka ishirini na miwili kwenye kazi na hajawahi kuona shelfu zinabaki ukuta unaondoka. Nimempa mkono. Si kila siku fundi anamsifu fundi mwenzake.

Mwenye nyumba amefoka nusu saa, kisha akapima, akaona fremu pana inavutia kuliko mbili finyu, akaenda zake.

Mimi na Saady tumefagia chaki mpaka adhuhuri. Nikamwambia nitazitoa skrubu zile na kuziba matundu. Akakataa haraka sana. Amesema zikae. Amenipa tende, nikampa asali, tukala tende kwa asali tumekaa sakafuni pale ukuta ulipokuwa. Amenieleza kwamba bibi yake naye alikuwa akipigilia misumari bila kuuliza mtu. Nadhani amenisamehe.

Mzozo mmoja tu. Bango. Mimi nimesema Venanti na Saady. Yeye amesema tufuate alfabeti. S inatangulia V! Hiyo alfabeti ni dhahiri ilipangwa na watu wa pwani. Nimemwachia. Aliyeshinda hana haja ya kugombania herufi.

Jumatano, 18 Juni. Kibondo.

Nimekuja kusaini karatasi kwenye ofisi ya wafuga nyuki. Wamenipokea kama waziri. Habari za shelfu zimefika kabla yangu, na zimekua njiani. Kuna anayesema nilibeba kabati mgongoni.

Ofisi yao mpya nzuri sana, ila ina joto. Nikaona boksi kubwa pembeni. Nikauliza. Mzee Habonimana akasema ni pangaboi, zito, la chuma, limekaa hapo wiki mbili linamsubiri fundi umeme aje alifunge darini. Fundi anakuja kesho.

Nimewaambia wampigie, asijisumbue.

Vestina amepiga simu wakati najaribu drili niliyoazima. Ameuliza sauti hiyo ya drili ni ya nini. Nikamwambia mtandao ni mbaya.

Dari nimelichunguza. Jipsamu, tena mpya kabisa. Mzee Habonimana ana wasiwasi kidogo, anasema yeye amesikia jipsamu haipendi uzito. Nimemtuliza. Nimemwambia hayo maneno nilikuwa nayaamini hata mimi, zamani, kabla ya wiki iliyopita. Dari ni kitu gani? Ni ukuta uliolala tu. Nimenunua skrubu ndefu kuliko zile za Kasulu.

Tunaanza mara wajumbe watakapomaliza mkutano wao. Mama Ininahazwe nimemwekea kiti katikati kabisa ya chumba, chini ya alama yangu ya penseli, ili upepo wa kwanza aupate yeye.